Mkaja na Funda la Maji

Nilimwambia mama kwamba nimetolewa uvimbe kwenye kizazi. Nilimwambia kwa simu, nikiwa bado kitandani hospitalini Dar es Salaam, na alipoanza kulia nilimwacha alie. Sikuwa na uvimbe wowote. Nilikuwa nimekatwa tumbo la chakula, sehemu kubwa ikatupwa, nikabakiwa na kipande ambacho daktari alisema hakizidi ndizi moja. Nilikwenda kwa miguu yangu mwenyewe, nikaweka sahihi mwenyewe, kwa sababu nilitaka kupungua.

Mtu wa kwetu ameshaelewa kwa nini nilidanganya. Asiye wa kwetu itabidi nimweleze.

Mama yangu anaishi kijiji cha Mtunda, upande wa Kibiti. Mimi nilizaliwa kwenye miaka ya njaa, mafuriko yalipozoa mpunga wote bondeni, na mama alinilea kwa ming'oko aliyokuwa akiichimba porini na kuichemsha. Kwa maelezo yake nilikuwa kichwa tu na miguu ya kuku. Watu walimwambia asijisumbue, mtoto huyu si wa kukaa. Akajisumbua. Nikakaa, nikakua, nikanenepa, na kila nilivyozidi kunenepa ndivyo mama alivyozidi kunitembeza. Mgeni akiingia, kabla hata hajakaa vizuri mkekani, mama huniita nitoke ndani. "Huyu nilimlea kwa ming'oko," husema. "Mtazameni." Nao hunitazama, na kweli pa kutazama palikuwapo.

Sasa mwanamke kama huyo utamwambiaje kwamba umewapa watu tumbo lako walikate, ili kazi yake yote ipungue?

Lakini mwili ule yeye aliutazama tu. Aliyeubeba ni mimi. Nafundisha shule ya msingi Kibiti, na ilifika mahali wanafunzi wangu wa darasa la tatu walikuwa wananisogezea kiti kabla sijaomba, kwa huruma, na huruma ya mtoto wa miaka tisa inauma kuliko tusi. Magoti yalikuwa yamekwisha. Sukari ilipanda ikagoma kushuka. Nikilala chali napaliwa na pumzi yangu mwenyewe. Daktari aliponitajia upasuaji nilicheka. Aliponieleza kitakachonipata nisipofanya, sikucheka tena.

Mwalimu mwenzangu mmoja ndiye aliyenisindikiza, na ndiye peke yake aliyejua. Siku ya kuruhusiwa, muuguzi alituketisha wote wawili akatusomea masharti. Nilitegemea atasema sana juu ya chakula. Akasema, "Chakula utakisahau, hiyo isikutie hofu. Hofu yako iwe maji. Watu wanarudi hapa kwa sababu ya maji." Akanipa kikombe kidogo cha plastiki, kile cha kupimia dawa ya kikohozi. Funda dogo, subiri, funda dogo tena. Kutwa nzima, hata kama hutaki. Lita moja na nusu kwa siku. Usigugumie, usichanganye na uji, usisubiri kiu, maana kiu ikija umeshachelewa. Mkojo ukiwa na rangi ya chai, rudi hospitali siku hiyo hiyo.

Moyoni nikasema, maji tu? Mimi niliyekuwa nikimaliza jagi nimesimama? Funda la kwanza lilishuka likakwama chini ya kifua, likaniuma mpaka nikashika ukingo wa kitanda. Nikajua kunywa maji kumekuwa kazi ya kuajiriwa.

Nilipanga kujiuguza kwenye chumba changu cha kupanga Kibiti. Mama hakutaka kusikia. "Mgonjwa wa kizazi halali peke yake," alisema, akaja Kibiti kunichukua kwa bajaji. Mwalimu mwenzangu alinitazama kwa jicho la kuuliza. Nikatikisa kichwa. Niliona nikae kwa mama siku kumi, ninywe maji yangu kimya kimya, nirudi.

Nilikuwa nimemsahau shangazi.

Shangazi yangu, dada yake baba, ni mkunga wa jadi. Nusu ya watoto wa kijiji wamepita mikononi mwake, na wanawake waliojifungua hospitalini pia hurudi kwake kukandwa. Nilimkuta uani amekwisha injika sufuria la maji na majani, na juu ya kamba ya nguo ametundika kanga tatu zilizokunjwa ndefu. Nikazitambua. Ulikuwa mkaja, ule wanaofungwa wazazi ili tumbo lirudi.

"Shangazi, mie sikuzaa," nilisema.

"Kizazi ni kizazi, mwanangu. Kitoke mtoto, kitoke uvimbe, kinachobaki ndani ni kidonda kilekile. Weye lala."

Nimeyafikiria maneno yake mara nyingi tangu siku ile, na sijaona kosa ndani yake. Kama kweli ningekuwa na ugonjwa niliousema, yeye alikuwa anafanya lile alilorithishwa, na kwa upendo. Kosa lilikuwa langu, nilimpa ugonjwa usiokuwepo akautibu.

Alinifunua akaviona vidonda. Vilikuwa vitano, vidogo, viwili karibu kabisa na mbavu. Akavigusa pembeni kwa kidole.

"Mbona viko juu hivi?"

"Siku hizi wanapitisha mashine, shangazi."

"Mashine!" Akatikisa kichwa kwa heshima. Kisha akanifunga mkaja, kuanzia nyongani mpaka chini ya matiti, akivuta huku amekanyaga godoro kwa goti. Pumzi ikanitoka. Tumbo langu la ndizi moja likabanwa kati ya kanga na uti wa mgongo.

Halafu akatoa amri zake mbele ya mama. Uji wa pilipili manga asubuhi na jioni, bakuli zima, umalizwe. Chai ya tangawizi, kidogo, ya moto. Maji matupu, hapana. Maji matupu yanashuka yanajaa kwenye kidonda, tumbo linabaki limevimba, mwanamke anaharibika maisha. Siku saba asiyaguse.

Mama alisikiliza kwa makini. Tena akarudia, kama mwanafunzi anayetaka kuhakikisha hajakosea: "Siku saba, wifi."

"Siku saba."

Nilikuwa na chupa ya lita moja na nusu kwenye mkoba wangu. Niliificha chini ya godoro, upande wa ukutani, pamoja na kile kikombe cha plastiki. Siku ya kwanza niliiba funda kila walipotoka. Ila kuugua kwetu ni shughuli, mgonjwa haachwi peke yake. Walikuja majirani, wakaja jamaa kutoka Umwe, akaja mama mmoja ambaye hata sikumjua, akakaa tangu saa tatu mpaka adhuhuri akinisimulia wanawake wote waliokufa kwa kizazi. Wote walikuwa wamekaa chumbani, migongo ukutani, wakinitazama kwa wema. Mtu anakohoa, mtu anasema "pole", mtu anaomba dua. Nami nimelala juu ya maji yangu siwezi kuyagusa.

Uji nilikunywa vijiko vinne nikatapika. Shangazi akasema uchafu unatoka. Nikapewa vingine.

Jioni mwalimu mwenzangu alipiga simu. "Unakunywa?"

"Nakunywa."

"Kiasi gani?"

"Ninakunywa, bwana, acha kunihoji," nikamwambia kwa ukali, maana mama alikuwa amekaa miguuni pangu. Huyo naye nikawa nimemdanganya. Uongo ukishaanza unataka wenzake.

Siku ya tatu asubuhi, wakati nimepelekwa uani kukandwa, mama alitoa godoro kuling'uta. Niliporudi, chupa ilikuwa mkononi mwa shangazi. Ilikuwa imepungua kidogo tu, lakini ilitosha.

"Nini hii?"

Akaitikisa mbele ya uso wangu.

"Unataka kujiua? Eti mwalimu! Unafundisha watoto wa watu nini, kama mwenyewe husikii?"

Nasema wazi kwamba nafasi nilikuwa nayo. Chumbani tulikuwa sisi watatu tu, wageni walikuwa hawajaanza kuingia. Ningeweza kusema, "Kaeni chini, niwaambie." Maneno nilikuwa nayo, nilikwisha yapanga. Nikamtazama mama. Alikuwa amesimama na upindo wa kanga mdomoni, macho mekundu, hajalala siku tatu. Nikaziona siku zote alizoniita nitoke ndani watu wanitazame. Nikasema, "Nisamehe, shangazi. Nilizidiwa na kiu."

"Kiu inavumiliwa," akasema shangazi. Akatoka akayamwaga uani, mchanga ukayanywa yote. Kikombe cha plastiki alikiona kitu cha kuchezea watoto, akakitupa jalalani.

Tangu hapo sikuwa na maji. Sikuhesabu tena mafunda, nilihesabu siku. Nilijiambia zimebaki nne, mtu hafi kwa siku nne, waliofunga wanakaa kutwa. Nilikuwa najua fika kwamba aliyefunga anafuturu. Lakini mtu akitaka kujidanganya hakosi mfano.

Mama ndiye aliyenilisha. Alipoza uji kwa kuumimina bakuli hadi bakuli, akasema bismillahi, akanitia kijiko kinywani, akanifuta kidevu kwa upindo wa kanga. Nilipotapika alipokea kwa mikono yake. Mchana alinipepea. Sijawahi kuhudumiwa vile tangu utoto, na kwa kila kijiko nilizidi kukauka. Midomo ilipasuka. Ulimi ukawa mzito, ukishika juu haubanduki. Mkojo ulikuja mara moja kwa siku, kidogo, rangi ya chai iliyosahauliwa jikoni. Nilikumbuka maneno ya muuguzi kuhusu rangi hiyo, nikamwaga maji machafu ya sabuni juu yake ili mama asiione.

Nilimwuliza mama, sauti ikiwa inakwaruza, kama naweza kusukutua tu. Akaenda kumuuliza shangazi. Akarudi akasema, "Vumilia, mwanangu. Mie nakuonea huruma, lakini nikikuhurumia nitakuharibu." Akageukia mlango, akajifanya anaangalia jua.

Siku ya tano asubuhi nilisimama kwenda chooni, ukuta ukanikimbia. Niliposhtuka nilikuwa chini, shavu kwenye saruji, na mama anapiga kelele za kuita watu. Moyo ulikuwa unakwenda mbio kama wa kuku aliyeshikwa. Nilijaribu kulia nikakuta machozi hayapo. Hapo ndipo nilipoogopa. Kabla ya hapo nilikuwa na hasira tu, hasira na kila mtu, na hasira ilikuwa inanisaidia.

Walinipakia kwenye bajaji, mama huku, shangazi huku, mimi katikati nimeegemezwa. Mama alisoma Yasini njia nzima, anaanza, anakosea, anarudia. Nakumbuka niliwaza jambo moja tu, tena kwa uchungu wa kitoto: nitakufa kwa kiu nikitoka nyumba yenye maji.

Hospitalini Kibiti walinilaza kwenye kitanda cha mapokezi. Muuguzi, dada mdogo tu, alitafuta mshipa mkono wa kulia akaukosa, akaenda wa kushoto akaukosa. Daktari akaja na faili tupu.

"Mgonjwa ana nini?"

Shangazi akasimama wima. "Amefanyiwa operesheni ya kizazi Dar es Salaam. Ametolewa uvimbe. Leo siku ya nane. Tunamtunza vizuri, sijui nini kimemwingia."

"Anakula? Anakunywa?"

"Uji anapata. Maji tumemzuia, kwa ajili ya kidonda."

Daktari aliweka faili chini. Akaomba wanawake wanifungue mkaja. Ulipolegea, pumzi iliingia kwa fujo nikakohoa. Akavitazama vidonda, akabonyeza juu ya kitovu, akabonyeza chini.

"Kizazi hakikai huku juu," alisema. "Mama, nani anajua hasa alifanyiwa nini? Nikikosea hapa naweza kumdhuru. Nataka kumpitishia mpira tumboni, lazima nijue humo kuna nini."

"Kizazi," akasema mama. Alisema kwa yakini kabisa. Ndivyo nilivyomwambia, na mimi ni mwanawe.

Nikainua mkono. Daktari akainama.

"Mpira, usipitishe," nikasema. Ilinichukua muda, kila neno nalibandua. "Si kizazi. Wamekata tumbo. La chakula. Nilitaka kupungua."

"Lini?"

"Siku nane."

"Na umekunywa maji mara ya mwisho lini?"

"Siku mbili. Kidogo."

Daktari akamgeukia muuguzi akaanza kutaja dripu na dawa kwa haraka, na mwingine akaitwa aje kusaidia kutafuta mshipa. Wakaupata shingoni. Watu wakawa wengi kitandani, mama na shangazi wakasukumwa ukutani.

"Kupungua?" nilimsikia shangazi akiuliza. "Kupungua nini?" Akauliza tena, kwa sauti ya chini, "Wifi, amesema kupungua?"

Mama aliuokota mkaja sakafuni, akaanza kuukunja, kanga ya kwanza, ya pili, ya tatu, pembe kwa pembe, polepole.

Nilikaa pale wiki moja na siku mbili. Chupa za maji ziliingia mwilini moja baada ya nyingine, mchana wa pili nikakojoa na muuguzi akafurahi kuliko mimi. Figo zilikuwa zimeumia. Daktari aliniambia bila kunificha kwamba zitarudi lakini hazitarudi zote, na hadi leo nakwenda kupima kila baada ya miezi mitatu. Shangazi alikuja mara moja, akaketi pembeni, akanipa pole, akatazama mikono yake. "Ungeniambia, mwanangu," alisema. "Mie siri za wanawake wa kijiji kizima ninazo. Yako ingenishinda?" Akainuka akaondoka. Nimesikia kwamba alikaa muda mrefu bila kukanda mtu.

Mama alikuja kila siku. Alifua, alinigeuza, alinisuka nywele. Hakuniuliza lolote na hakunikaripia, nami nikaanza kujipa matumaini kwamba yamepita. Siku ya tano, mchana, wagonjwa wa vitanda vya jirani wamelala, alikuwa akinipaka mafuta miguuni. Akasema bila kuinua uso:

"Ungekufa, ningekuosha mie."

Akaongeza mafuta kiganjani.

"Ningekuosha kwa mikono hii. Ningelia, watu wangenishika, wangeniambia kazi ya Mungu. Ningekubali. Ningezeeka nikijua ni kazi ya Mungu." Akanyanyua mguu wa pili, akaupaka. "Kumbe ni kazi yangu. Kijiko kwa kijiko. Na weye ulikuwa unaniangalia tu."

"Mama, nisamehe."

"Nimekusamehe," akasema. "Ila ulikuwa unaniangalia."

Nilitaka kumweleza kwamba nilinyamaza kwa ajili yake, nisimvunje moyo, nisimwaibishe kwa ile kazi ya ming'oko. Nilijua jinsi maneno yale yangesikika pale, mguu wangu ukiwa mkononi mwake. Nilimwogopa mama yangu kuliko nilivyoyaogopa mauti, na katika woga huo nilikuwa tayari aniue asijue. Huo ndio ukweli, na sina namna ya kuupamba.

Sasa nimepungua. Kilo nyingi zimekwenda, magoti yamepona, nasimama darasani vipindi vyote. Njiani Mtunda watu wananitazama wakinong'ona, wengine wanadhani nina ngoma, ukimwi, na mama akiulizwa anasema mwanangu alikuwa anaumwa, basi. Hajaniita tena nitoke ndani wageni wanione.

Likizo iliyopita nilishuka kwake saa saba mchana, jua la kichwani, koo limekauka. Nilimkuta barazani anasuka ukili wa mkeka. Nikamwamkia, akaitikia, akanipa pole ya safari, akauliza wanafunzi na kazi. Nikakaa. Akaendelea kusuka. Kwa mama yangu hata mtu anayepita kuuliza njia huletewa maji kwanza, ndipo aulizwe anakwenda kwa nani. Nilisubiri kidogo, kisha nikasema, "Mama, nina kiu."

Vidole vyake vikasimama.

"Maji yako ndani," akasema. "Kachote mwenyewe, mwanangu. Mie sijui kiasi chako."

Niliingia nikachota, nikatoka na kikombe, nikaketi karibu naye nikinywa funda moja moja kama inavyonipasa. Ilinichukua muda mrefu. Yeye alikuwa amegeuza uso upande wa barabara, ukili umelala mapajani, na hakugeuka mpaka aliposikia nimeweka kikombe chini.